Hiari ya Aliyekombolewa: Umisionari, Lugha na Watumwa Walioachwa Huru katika Pwani ya Afrika Mashariki



Kitenzi komboa hakikuanzia kanisani. Kilikuwa cha duka na cha baraza la wazee kabla hakijawa cha mimbari. Mtu aliyeweka rehani shamba lake au mkufu wa mkewe alikwenda kuukomboa alipopata fedha, na jamaa wa mtu aliyetekwa walimkomboa kwa mali waliyoweza kuichanga. Wamisionari wa karne ya 19 walipotafuta neno la kueleza kazi ya Kristo walilikuta hilo, wakalitwaa, na tangu hapo Mkombozi akaandikwa kwa herufi kubwa. Lakini katika kisiwa cha Unguja na katika mji wa Bagamoyo lilitukia jambo ambalo historia ya msamiati hailitaji sana. Mtoto aliyefundishwa neno hilo darasani alikuwa mwenyewe amekombolewa kwa maana yake ya kwanza, ama kwa fedha taslimu ama kwa mizinga ya manowari, na yule aliyemkomboa, au aliyempokea kutoka kwa waliomkomboa, ndiye aliyekuwa akimfundisha.

Swali la mhadhara huu linatoka katika hali hiyo. Je, ni halali kimaadili kumwita katika dini mtu ambaye chakula chake, paa lake na usalama wake vimo mikononi mwa anayemwita? Na akiitika, mwitiko wake uhesabiweje? Swali hili si la wanatheolojia peke yao. Linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa wengi wa waitikiaji hao waliitikia kwa Kiswahili, lugha ambayo baadhi yao walijifunza wakiwa njiani kutoka bara, katika jahazi, au katika shule yenyewe. Aidha, vitabu vilivyotungwa kwa ajili yao vimo katika misingi ya Kiswahili Sanifu.

Mjadala juu ya wamisionari katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umekuwa na kambi mbili zinazojulikana. Kambi ya kwanza husema kwamba Biblia ilitangulia ili bendera ifuate. Kambi ya pili huorodhesha shule, hospitali, sarufi na kamusi. Kila kambi ina ushahidi wa kutosha, na ndiyo maana mjadala wao haumaliziki. Kasoro ya kambi zote mbili ni kwamba huanza kwa kumpima mhubiri: nia yake, matendo yake, matokeo ya kazi yake. Msikilizaji huingia mwishoni kabisa, ama akiwa mhanga ama akiwa mnufaika. Hapa utaratibu utageuzwa. Kitakachotazamwa kwanza ni kama msikilizaji aliweza kukataa, na kama baada ya kukataa alibaki na mahali pa kulala.

Rabai: waliokuwa na pa kurudi

Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Sayyid Said. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga, na alikuwa amekwisha kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji. Jambo hili la mwisho linastahili kutuliwa kidogo. Kadhi huyo alikuwa Mwislamu mwenye elimu na cheo, alijua vema mgeni wake alitaka nini, na alimsaidia bila ya kubadili dini yake. Alishirikiana naye kama mwanachuoni na mwanachuoni mwenziwe.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, katika nchi ya Wamijikenda, baada ya kupata ridhaa ya wazee. Ridhaa hiyo haikuwa ya kuamini bali ya kukaribisha. Wazee walikuwa na kaya yao, mizimu yao, sadaka zao za mvua na utaratibu wao wa kupandishana rika. Mgeni aliyekuja kwa amani alipewa mahali pa kujenga. Wakati wa mahubiri baadhi walisikiliza, wengine wakauliza maswali, wengine wakaondoka kwenda kugema. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa kilema, na alibatizwa akiwa karibu na kufa. Baada yake walikuja wachache sana. Krapf aliondoka. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, takriban miaka 29 kwa jumla, akiwa karibu kipofu. Sir Bartle Frere alipofika pwani mwaka 1873 kushughulikia suala la biashara ya watumwa, Wakristo wa Rabai walikuwa bado ni wa kuhesabika, na waungaji mkono wa misheni walianza kuuliza kulikoni.

Aghalabu uchache huo huelezwa kama kushindwa: Rebmann alikuwa mkimya mno, alizama katika kamusi, homa ilimdhoofisha. Yote hayo yana ukweli. Hata hivyo kuna maelezo mengine yaliyo sahili zaidi. Wamijikenda walisikia, wakaelewa, wakakataa, na kukataa kwao hakukuwagharimu kitu. Mrabai aliyemwambia Rebmann kwamba dini ya babu zake inamtosha alirudi nyumbani kwake jioni, akala ugali wa shamba lake, akalala katika ukoo wake. Kwa upande mwingine, aliyekubali ndiye aliyepata hasara, kwa maana alijitenga na sadaka za kaya, na tembo la matangani, na jamaa ambao wangemzika. Katika hali ya namna hiyo mtu akiamini, imani yake haina shaka kuwa ni yake. Hili halikutangazwa katika ripoti yoyote ya misheni kama ushindi, lakini kwa kipimo cha maadili miaka ile ya Rabai, pamoja na ukame wake wa takwimu, ndiyo safi kuliko yote iliyofuata.

Mji wa Unguja nao ulikuwa na watu walioweza kukataa. Edward Steere alihubiri mjini, na Waislamu wa Unguja walimsikiliza kwa adabu na kumjibu kwa hoja. Mabishano hayo yaliendelea kwa vizazi. Canon Godfrey Dale wa misheni hiyo hiyo alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, ikiwa na maelezo ya kuupinga Uislamu. Katika miaka iliyofuata Waislamu nao walitoa tafsiri zao, ya Waahmadiyya mwaka 1953 na ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy mwaka 1969. Mtu anaweza kukasirishwa na maandishi ya Dale, na wengi walikasirika. Ila alikuwa akibishana na watu wazima wenye vitabu, wenye misikiti na wenye kalamu. Fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 ilinufaika na ugomvi huo.

Watoto wa majahazi

Hali ya kundi la tatu ilikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1864, mara baada ya Askofu Tozer na Steere kufika Unguja, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa shule ambayo baadaye ilihamia Kiungani. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuingia Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakafungua kituo Bagamoyo. Wao walinunua watoto sokoni kwa fedha zilizochangwa Ulaya, wakawafanya raia wa vijiji vya misheni. Baada ya mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi, na mwaka 1875 jumuiya ya CMS ikaanzisha Freretown huko Kisauni, Mombasa, ili kuwapokea waliokamatwa. Kengele iliyotundikwa pale kuwaonya watu juu ya hatari bado inakumbukwa katika jina la mtaa wa Kengeleni.

Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Kilichoshindikana Rabai kwa robo karne kilipatikana kwa miaka michache. Mamia ya watu walijaa kanisani, wakajifunza kusoma, wakabatizwa. Ripoti za misheni zilishangilia. Mtu asiyekuwa na haraka, hata hivyo, huona kwamba wahubiri walikuwa wa aina ile ile, kitabu kilikuwa kile kile, na lugha ilikuwa karibu ile ile. Kilichobadilika ni msikilizaji, ambaye safari hii hakuwa na kaya ya kurudi.

Tazama majina yao. Kati ya wale watano wa mwaka 1864 walikuwamo John Swedi, Francis Mabruki na George Farajallah. Jina la pili katika kila jozi ni la aina waliyopewa watumwa pwani: Mabruki, aliyebarikiwa, Farajallah, faraja ya Mungu. Mabwana waliwapa watumwa majina ya heri na baraka ambayo waungwana wenyewe kwa kawaida hawakuwapa watoto wao. Jina la kwanza ni la ubatizo, nalo ni la Kiingereza. Jina alilopewa mtoto na mama yake, huko Uyao au Unyasa au kwingineko, halimo katika jozi. Mwanaisimu anayeshughulikia majina ya watu angesema kwamba hapa pana tabaka mbili zilizoandikwa juu ya tabaka la tatu lililofutwa, na kwamba la pili halikulirudisha la kwanza. Misheni haikulifuta jina la mama. Lilikuwa limefutwa tayari. Lakini iliongeza la kwake juu yake.

Maisha katika vijiji vya misheni yalipangwa na misheni. Kazi ya shamba ilikuwa ya misheni, saa zilikuwa za kengele, na mara nyingi hata ndoa zilisimamiwa: wasichana wa Mbweni na wavulana wa Kiungani, mathalani, walikuzwa kwa matumaini kwamba wataoana na kujenga familia za Kikristo. Mapema katika miaka ya 1880 malalamiko juu ya viboko na kufungiwa watu Freretown yaliwafikia maofisa wa serikali ya Uingereza, yakachunguzwa. Misheni iliyokuwa mhubiri, mwalimu, mwajiri, mwenye nyumba na hakimu ilimwachia msikilizaji nafasi ndogo sana ya kusema hapana. Aliyetaka kutoka alitoka kwenda wapi? Nje ya uzio kulikuwa na watekaji. Hilo halikuwa tishio la mhubiri. Ilikuwa hali halisi ya nchi. Ila hali halisi ya nchi ilimfanyia mhubiri kazi ambayo Rabai ilibidi aifanye mwenyewe kwa maneno.

Utetezi na uzito wake

Haitakuwa haki kuishia hapo. Watetezi wa misheni huuliza, na wana haki ya kuuliza: mtoto wa miaka minane, anayesema lugha isiyoeleweka na mtu yeyote melini, angepelekwa wapi? Kurudishwa kwao kulikuwa muhali, kwa kuwa njia ya kurudi ndiyo iliyokuwa njia ya kutekwa mara ya pili. Wengine walipelekwa Shelisheli kufanya kazi mashambani. Wengine walipelekwa Bara Hindi, na baadhi yao wakasoma katika shule ya misheni ya Nasik, ambako walitoka wale waliokuja baadaye kuitwa Waafrika wa Bombay na kurejea Freretown wakiwa walimu na mafundi. Kulinganisha na shamba la miwa, darasa la Kiungani lilikuwa rehema. Zaidi ya hayo, mlezi yeyote humlea mtoto katika imani yake. Bwana Mwislamu aliyemnunua mtumwa wa bara alimtahiri, akamfundisha kusali na kumpa jina, na hakuna aliyeuliza kama mtumwa huyo aliridhia. Maadili yanayomhoji padri wa Bagamoyo hayana budi kumhoji pia mwenye shamba la mikarafuu.

Utetezi huu una nguvu, na sehemu yake kubwa inakubalika. Kumpokea mtoto hakukuwa kosa. Kumlea kwa dini ya mlezi ni jambo ambalo jamii zote hulifanya. Kosa linaanzia pengine: pale matokeo ya malezi yalipotangazwa Ulaya kuwa ni matokeo ya mahubiri. Mtoto aliyelelewa aliandikwa kama mtu aliyeongoka. Wachangiaji waliosoma taarifa hizo walidhani kwamba Afrika ilikuwa ikiisikia Injili na kuichagua, ilhali sehemu kubwa ya waliohesabiwa walikuwa yatima waliokuwa wakilelewa na mtu pekee aliyejitokeza kuwalea. Huduma na wito vilichanganywa katika daftari moja, na daftari hilo likawa sababu ya kuchangisha fedha za kuendelea.

Yale ambayo lugha inayasema

Kiswahili kina njia zake za kuonyesha ni nani atendaye katika jambo la imani. Mtu husilimu: kitenzi hiki kiko katika kauli ya kutenda, na mwenye kusilimu ndiye kiima. Mtu hubatizwa: kauli ya kutendwa, na mtendaji ni mwingine. Mtu huongoka, kwa kauli ya kutendeka, au huongolewa, na katika mzizi huo huo limetoka ongoza. Ni rahisi kujenga nadharia nzima juu ya tofauti hii na kusema kwamba Uislamu ulimfanya muumini kuwa mtendaji na Ukristo ukamfanya mtendwa. Nadharia hiyo haifai kuaminiwa. Kauli ya kitenzi haithibitishi hali ya nafsi, na mtu anaweza kubatizwa kwa hiari yake yote kama vile mtumwa alivyoweza kusilimu bila hiari. Isitoshe, Kiswahili kina silimisha pia.

Kinachofaa kuchunguzwa zaidi ni komboa yenyewe. Katika matumizi ya rehani, kitu kikikombolewa hurudi kwa aliyekikomboa. Mkufu haumwi huru baada ya kukombolewa. Unavaliwa na mwenyewe. Mtu akikombolewa na nduguze, vivyo hivyo, hurudi kwa nduguze. Basi aliyekombolewa na wageni humrudia nani? Desturi ya pwani ilikuwa na jibu. Mtumwa aliyeachwa huru hakuwa mtu asiye na mtu. Alibaki ameunganishwa na nyumba ya aliyemwacha huru, akiitegemea na kuitumikia katika mambo yake, na sheria ya Kiislamu hulijua fungamano hilo kwa jina la walaa. Uhuru katika fikra hiyo haukuwa kukatika kwa uhusiano bali kubadilika kwake kutoka umiliki kuwa ufuasi.

Kwa watu waliojua desturi hiyo, kuifuata dini ya padri aliyekununua lilikuwa jambo la adabu, la shukrani na la busara, hata kabla ya kuwa la imani. Wamisionari waliona mioyo iliyoguswa. Yamkini baadhi ilikuwa imeguswa kweli. Lakini kilichokuwa kikitendeka kilikuwa pia tendo la kijamii lililofahamika vizuri na kila mtu wa pwani isipokuwa wageni wenyewe. Mwaka 1888 watoro zaidi ya 1,400 walipogundulika katika vituo vya misheni, Rabai na kwingineko, Kampuni ya IBEA ilikubaliana na mabwana wao na kulipa fidia ili waachwe huru. Wao nao walikombolewa, kwa hesabu iliyoandikwa, kichwa kwa kichwa. Mwenye kutaka kujua Mkombozi lilisikikaje masikioni mwa watu hao hana haja ya kufungua kamusi ya Kiyunani.

Kuna jozi nyingine inayosumbua. Mtumwa na mtume ni watoto wa kitenzi kimoja, tuma. Wafasiri walilihifadhi neno la pili kwa wale thenashara na kwa Muhammad katika maandishi ya Kiislamu, na la kwanza likabaki na maana mbili: mtu anayemilikiwa, na mtumishi wa Mungu, kama Paulo anavyojiita katika waraka wake kwa Warumi. Katika darasa la wazungumzaji waliotoka utumwani, neno hilo la pili halikuweza kuwa sitiari tupu. Hata baada ya kufutwa hadhi ya utumwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, mtu kuitwa mtumwa wa Kristo kulibeba mwangwi ambao mfasiri wa Ulaya, aliyeliona neno hilo katika Kiyunani tu, asingeweza kuusikia wote.

Yale ambayo wao wenyewe waliyafanya

Kipimo kilichowekwa mwanzoni, yaani uwezo wa kukataa, kingekuwa butu iwapo kingewaona waliokombolewa kuwa watu wa kutendwa tu. Maisha yao yaliendelea baada ya ubatizo, na katika maisha hayo wengi waliichukua dini waliyopewa wakaifanya yao, wakati mwingine dhidi ya matakwa ya waliowapa.

John Swedi alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, ambaye alikuwa Myao, alipata upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni yake. Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, miongoni mwa Wayao, akihubiri kwa lugha ambayo utumwa ulikusudia kumsahaulisha. Huko Chitangali aliowahubiria walikuwa na mashamba yao na mfalme wao, kama Warabai wa mwaka 1846. Walioitika waliitika kwa hiari, na aliyewaita alikuwa mmoja wa wale ambao hiari yao yenyewe ina shaka. Hapa kipimo hakivunjiki, ila kinalazimika kukiri kwamba imani iliyoanza bila ya uchaguzi inaweza kuchaguliwa baadaye.

Fuladoyo inasema zaidi. Kwenye kijiji hicho, nyuma ya ukanda wa pwani, watoro na Wagiriama waliokuwa wamesoma au kusikia habari za Injili walijikusanya chini ya uongozi wa David Koi. Hapakuwa na mmisionari aliyewamiliki. Misheni yenyewe ilikuwa na mashaka nao, kwa kuwa kuwapokea watoro kuliiletea misheni ugomvi na mabwana wa pwani na mawaidha ya makonseli. Mwaka 1883 Koi alikamatwa na kuuawa. Mtu akitafuta mahali ambapo Ukristo wa pwani ulishikwa na watu wasiopata kwa kuushika huko chakula, cheo wala ulinzi, bali walijiongezea hatari, basi Fuladoyo ni mahali pa kuanzia, nao ulikuwa mbali na macho ya wamisionari.

Mtazamo wa kizazi kilichofuata umehifadhiwa katika kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa Freretown, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliotolewa katika jahazi. Kitabu kinawashukuru Waingereza bila kujizuia, na baadhi ya wahakiki wa baada ya uhuru walikishutumu kwa sababu hiyo. Shutuma zao zinaeleweka: msimulizi huyo haulizi manowari zilikuwa zikitafuta nini kingine baharini. Hata hivyo wahakiki hao walikisoma kitabu kwa pupa. Shukrani ya mtu ambaye baba yake alitolewa ngamani si propaganda ya bei rahisi. Ni jinsi mtu aliyekombolewa anavyolipa deni ambalo hakuliomba, kwa sarafu pekee aliyonayo, yaani usimulizi. Anayetaka kulihukumu deni hilo amhukumu mdai, siyo mlipaji.

Mjadala huu haukufungwa na karne ya 19. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Baraza la Kipapa la Majadiliano baina ya Dini na Umoja wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa waraka wa pamoja uliokataa kuwavuta watu katika dini kwa vishawishi vya mali na kwa kutumia umaskini na shida zao. Kwamba makanisa yenyewe yaliona haja ya kulisema hilo ni jambo la kuheshimiwa. Linaweza kusomwa pia kama jibu, lililochelewa, kwa daftari za Bagamoyo na Freretown. Nayo mizani hiyo haibagui. Shule ya chekechea inayogawa uji, zahanati, kisima kilichochimbwa na taasisi ya dini yoyote kijijini, vyote vinaweza kuulizwa swali lile lile: anayekunywa maji haya akisema hapana, kesho atachota?

Wajibu wa wanataaluma wa Kiswahili katika suala hili una mipaka yake, nao ni kuyasoma upya matini. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha masimulizi ya wavulana wa Kiungani juu ya makwao, kutekwa kwao na safari zao. Wavulana waliyatoa kwa Kiswahili. Dunia iliyapata kwa Kiingereza. Kila sentensi ya kitabu hicho imepita katika mikono ya mwalimu wao, naye alikuwa mwalimu mwema, lakini msomaji anayetaka kusikia mvulana anasema nini mahali anapofika kwenye habari ya kubatizwa inambidi asikilize kupitia ukuta. Sarufi na kamusi za enzi hiyo zimejaa sentensi za mifano, na nyingi zimetoka vinywani mwa watu wa namna hiyo, bila majina.

Mmoja alipata jina. Katika miaka ya 1850, huko kwao Rabai, Rebmann alipokuwa hana waumini wa kuhesabu, alimpata mtumwa mmoja kutoka nchi za Ziwa Nyasa aitwaye Salimini, akaketi naye na kuandika maneno ya lugha yake. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa. Salimini hatajwi humo kama mwongofu. Anatajwa kama mtu aliyeijua lugha ya kwao, akaulizwa, akajibu.